Fomu zenu haziijui barabara: barua ya wazi kwa wakuu wa uhamiaji na forodha

Waheshimiwa Mawaziri wa Mambo ya Ndani, Wakuu wa Uhamiaji na Makamishna wa Forodha wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika,

Nawasalimu kutoka Mbeya, mji ambao lori la Kongo, basi la Lusaka na gari la Malawi yote huupita kwa barabara ile ile.

Kazi yangu ni kuwaandalia watu makaratasi ya safari ndefu za nchi kavu. Wanaokaa mezani kwangu ni akina mama wanaofuata mzigo Lusaka na Johannesburg, familia zenye ndugu Lubumbashi, vijana wa pikipiki wanaotaka kufika Cape Town, wastaafu walioweka akiba ili waione Afrika wakiwa bado na nguvu, na madereva wa malori ambao maisha yao yote ni usukani na foleni. Wengi wao hawajawahi kupanda ndege, na hawana mpango wa kupanda. Ninawaandikia kwa niaba yao, kwa sababu taratibu zenu nyingi zimeandikwa kana kwamba kila anayevuka mpaka anashuka kwenye ndege.

Abiria wa ndege ana tarehe, ana saa, ana namba ya safari, ana tiketi ya kurudi, na ana nchi mbili tu za kuzifikiria: anakotoka na anakokwenda. Msafiri wa barabara anavuka nchi nne, tano, sita. Hajui kama atafika mpakani Jumanne au Ijumaa, kwa kuwa hilo linaamuliwa na mvua, na mizani, na basi lililoharibika Makambako. Usiku wa kwanza atalala kwenye kiti cha basi. Tiketi ya kurudi hana, maana tiketi za basi za kurudi hukatwa siku ya kurudi. Mtu huyu ndiye aliye wengi kwenye mipaka ya Tunduma, Kasumulu, Namanga, Sirari na Mutukula, na ndiye ambaye karatasi zenu hazimtaji.

Nianze na shukrani, kwa kuwa ni haki yenu. Mtanzania anayetoka Dar es Salaam na kupita Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare na Beitbridge hadi Cape Town hahitaji kuomba viza hata moja kwa matembezi ya muda mfupi. Akipita njia ya Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, nchi za Botswana na Namibia nazo hazimdai viza. Mkenya naye, tangu Januari 2023, anaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Haya hayakuja yenyewe. Kuna watu walikaa vikao, wakabishana, wakatia saini. Hata vituo vya pamoja vya mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, ni kazi ya kujivunia. Cha Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kilifunguliwa Desemba 2009, cha kwanza barani Afrika, na malori yaliyokuwa yakilala pale siku mbili tatu yakaanza kupita siku hiyo hiyo. Kikafuata Rusumo mwaka 2016, Namanga mwaka 2018, na Tunduma na Nakonde Oktoba 2019. Pale Kazungula, ambako miaka yote tulivushwa na pantoni, Mei 2021 lilifunguliwa daraja la mita 923, tena likapindishwa makusudi ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Serikali zilizoweza kulipinda daraja la urefu ule kwa sababu ya mstari wa mpaka haziwezi kushindwa kurekebisha fomu.

Maana fomu ndiyo iliyobaki nyuma. Jengo limekuwa moja, utaratibu bado ni wa zamani, na mzigo wote umehamia kwenye mkoba wa msafiri.

Mwezi uliopita nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge tukajaza mtandaoni maombi yake ya kibali cha kuingia nchi ambayo sitaitaja. Fomu iliuliza ataingilia wapi: angani, majini au nchi kavu. Tukachagua nchi kavu. Ukurasa uliofuata ukadai jina la shirika la ndege na namba ya safari, na kitufe cha kuendelea kikagoma mpaka tujaze. Mama akanitazama akauliza, “Sasa mwanangu, hapa tunaandika nini?” Nawajua watu wanaoandika jina la kampuni ya basi mahali hapo, na wengine hujaza sifuri tupu. Chini ya fomu ile ile kuna kisanduku cha kuapa kwamba kila kilichoandikwa ni kweli, na kwamba anayedanganya atafutiwa kibali. Huyu mama anaswali, ni mtu wa kuogopa kiapo. Nani amemweka mahali ambapo hawezi kuendelea na safari yake halali bila kuandika kitu kisichokuwepo?

Fomu hiyo hiyo ikataka uthibitisho wa hoteli. Yeye hulala kwa dada yake, kama wanavyolala maelfu ya watu wetu. Hakuna kisanduku cha dada.

Kisha kuna suala la tarehe, na hili naomba mlitazame kwa utulivu kwa sababu linaua safari nyingi kimyakimya. Viza nyingi huanza kuhesabiwa siku zake tangu siku ilipotolewa, hata kama mwenye nayo yuko kilomita elfu tatu kutoka kwenye mpaka wenyewe. Kwa anayeruka, hilo halina madhara. Kwa anayekwenda kwa barabara akisimama huku na huku, viza aliyoipata nyumbani kwa ajili ya nchi ya tano inaweza kufa akiwa bado nchi ya tatu. Basi atasema ataiomba njiani, atakapokaribia. Akifika kwenye ubalozi ulioko njiani anaambiwa maombi hupokelewa katika nchi anakoishi tu. Anakuwa hana mahali popote anapoweza kuiomba: nyumbani ni mapema mno, njiani si mahali pake.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko nje ya jumuiya zenu, lakini nautaja kwa sababu nusu ya mlango huo ni ya Kenya. Pale Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, kuna kituo cha pamoja kizuri, kilichozinduliwa Desemba 2020, na barabara ya lami inateremka kutoka Addis Ababa hadi Nairobi bila kukatika. Viza ya mtandaoni ya Ethiopia ilipoanza kutolewa, ilimruhusu mtu kuingilia uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, tu. Msafiri aliyefika Moyale akiwa na viza halali, aliyoilipia, alisimama mbele ya mlango ambao viza yake haikuufungua. Aliyetaka kuvuka ilimbidi arudi Nairobi, aiache pikipiki yake au gari lake, akapande ndege kwenda kuingia nchi aliyokuwa ameiona kwa macho yake. Pesa za kujenga kituo zilipatikana. Mstari mmoja wa kuongeza jina la Moyale kwenye orodha ya milango haukupatikana kwa muda mrefu. Kila mnapozindua mfumo mpya wa mtandao, na sasa kila nchi inazindua wake, naomba swali la kwanza mezani liwe hili: je, anayekuja kwa basi ataweza kuutumia?

Nirudi kwa watu ninaowajua zaidi, madereva. Hesabuni pamoja nami. Dereva anatoka Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi. Tunduma anagongewa muhuri wa kutoka, Nakonde wa kuingia Zambia. Kasumbalesa anagongewa wa kutoka Zambia, na hatua chache mbele wa kuingia Kongo. Akishusha mzigo, anarudi na minne mingine. Mihuri minane kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Ukurasa wa pasipoti, ofisa akigonga kwa nidhamu, unabeba mihuri minne hivi. Kila safari inakula kurasa mbili, na wakati mwingine zaidi, kwa sababu wapo wanaogonga katikati ya ukurasa mweupe kama vile kitabu kile hakiishi.

Pasipoti yetu ya kielektroniki inalipiwa shilingi 150,000 na imeandikwa kwamba itaishi miaka 10. Ya dereva wa njia ya Kongo hujaa ikiwa bado na miaka mingi ya uhai. Anaanza upya: maombi, picha, barua ya mwajiri, foleni, na siku ambazo haendeshi, maana yake siku ambazo halipwi. Nimeshika mikononi mwangu pasipoti ya kijana mmoja ambayo kila ukurasa wake ulikuwa mweusi kwa wino, mhuri juu ya mhuri, huwezi kusoma tarehe hata moja. Ndani ya jalada lake kuna kijisahani cha kielektroniki (chipu) chenye taarifa zake zote, na mezani kwa ofisa kuna mashine ya kukisoma. Mashine inasoma, halafu mkono unagonga. Kwa nini vyote viwili? Kama ofisa wa Tanzania na wa Zambia wamekaa chini ya paa moja, mmoja akimwona mwenzake, rekodi moja ya kielektroniki ya kuvuka ingetosha kwa dereva aliyesajiliwa, na kitabu chake kingeishi miaka yake.

Wenzetu wamekwenda mbali kuliko hapo. Kenya, Uganda na Rwanda zimewaruhusu wananchi wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Botswana na Namibia zilianza hivyo hivyo tarehe 24 Februari 2023, na marais wao wakaenda mpakani kushuhudia. Tanzania haimo katika mpango ule wa 2014, na hapa nasema na wakuu wa nyumbani kwetu waziwazi. Kitambulisho chetu cha taifa, cha NIDA, kimechukua alama zetu za vidole na picha zetu. Kinatuwezesha kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki na kuomba pasipoti yenyewe. Mzee wa Sirari anayekwenda kumwona mkwewe Isebania, umbali wa kutembea kwa miguu, kwa nini kitambulisho hicho kisimtoshe?

Sasa afya. Tarehe 11 Julai 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha kanuni zake za kimataifa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho zamani kilidumu miaka 10, kikawa cha maisha yote ya aliyechanjwa, pamoja na vyeti vilivyokuwa vimeshatolewa kabla ya siku hiyo. Nchi zenu zote zimefungwa na kanuni hizo. Lakini mpaka leo wateja wangu wanaambiwa kwenye dirisha la afya kwamba kadi yao imeisha, kwa sababu ina tarehe ya zamani iliyoandikwa kwa mkono. Anayeambiwa hivyo ana njia mbili: achanjwe upya na kulipia, au atoe “ya chai” ili apite. Kwa kijana ni usumbufu. Kwa bibi aliyevuka miaka 60 ni jambo zito zaidi, kwa kuwa chanjo hii kwa watu wa umri huo hutolewa kwa tahadhari, madhara yake makali yakiwa na uwezekano mkubwa kuliko kwa vijana. Ofisa wa afya anamlazimisha bibi apigwe sindano asiyoihitaji, kwa kanuni iliyokwisha kufutwa. Waraka mmoja kutoka kwenu, wenye muhuri, uliobandikwa juu ya dirisha lile kwa herufi kubwa, ungemaliza jambo hili.

Kuhusu magari nitakuwa mfupi kidogo, ingawa hapo ndipo vishoka wanapojaa. Mwenye gari anatakiwa awe na kadi ya gari halisi. Kama gari si lake awe na barua ya mwenye gari iliyogongwa na wakili, na kama lina mkopo awe na barua ya benki. Tunayajua hayo na tunayaandaa. Tatizo ni yale yasiyoandikwa popote. Chukueni bima. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini imebaki ndani ya mpango wa kadi ya njano ya bima, ile inayomlinda mtu wa tatu, yaani yule anayeumizwa na gari lako, kutoka Ethiopia hadi Zimbabwe. Mtu anainunua kwa kampuni yake ya bima hapa hapa kabla ya kuondoka. Akifika mpakani anazingirwa na watu wenye vitabu vya risiti wanaomwambia kadi hiyo haitambuliki ng'ambo, anunue nyingine. Wengi wananunua, kwa hofu. Akivuka mto Limpopo kutoka Zimbabwe, mambo yanageuka kabisa: Afrika Kusini fidia ya majeruhi wa ajali za barabarani imo ndani ya bei ya mafuta, kila anayejaza tangi ameshaichangia, na Botswana na Namibia nazo zina mifuko inayokwenda kwa njia hiyo. Hakuna bango hata moja, upande wowote wa mto, linalomweleza msafiri habari hii. Anaisikia kwa dereva mwenzake, au anaisikia akiwa ameshatoa pesa.

Kibali cha kuingiza gari kwa muda nacho hutolewa upya kila mpaka, kila kimoja na siku zake, ada yake na fomu yake. Anayekwenda mbali hadi Misri analazimika kuchukua kaneti, daftari la dhamana ya gari, na kuweka rehani benki pesa ambazo familia nyingi hazina. Lakini kusini kuna umoja wa forodha wa SACU, ulioanzishwa mwaka 1910, wenye nchi tano. Daftari hilo likigongwa kwenye mlango wa kwanza wa umoja, halidaiwi kugongwa tena mpaka gari litoke kwenye mlango wa mwisho. Kama hilo limewezekana kati ya Botswana, Namibia, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini, linaweza kuwezekana kati ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo zinajiita eneo moja la forodha. Gari la Mkenya anayekwenda Kigali kupitia Namanga na Rusumo liandikwe mara moja likiingia, mara moja likirudi nyumbani. Kwa nini liandikwe upya kila mlango?

Watoto ndio wanaoniumiza zaidi. Juni 2015 Afrika Kusini ilianza kudai kila mtoto awe na cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na anayesafiri na mzazi mmoja awe na ridhaa ya mwenzake. Nia ilikuwa njema, kuzuia biashara ya watoto, na hakuna mzazi anayeipinga. Baadaye masharti yakalegezwa, lakini mfano ulishasambaa, na sasa kila mpaka una tafsiri yake. Mpaka mmoja unataka barua ya mzazi, unaofuata barua yenye muhuri wa wakili, mwingine nakala ya kitambulisho cha baba. Kuna mpaka ambao ofisa wake wa zamu ya mchana haulizi kitu, wa usiku anauliza vyote.

Mama mmoja kijana alikuwa anakwenda na mtoto wake wa miaka mitano kumfuata mumewe anakofanya kazi. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa iliyogongwa na mwenyekiti wa mtaa, mtu anayeifahamu familia ile. Kwenye dirisha la pili wakaikataa. Walitaka ya wakili. Ilikuwa saa nne usiku. Mume alikuwa kwenye simu upande wa pili wa nchi, akijitambulisha, akitaja jina la mtoto, akitaja hata kovu lililoko kwenye goti lake. Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye hana ruhusa ya kukubali sauti ya simu. Basi lilisubiri kiasi lilichoweza, kisha kondakta akashusha begi lao, taratibu, akaliweka kando ya ukuta. Walilala kwenye benchi la kituo kile kipya chenye vigae vinavyong'aa. Kesho yake wakatafuta wakili.

Waheshimiwa, fomu moja ya ridhaa ya mzazi, yenye lugha zetu, inayotambuliwa na nchi zenu zote na kuthibitishwa kwenye ofisi ya uhamiaji ya wilaya kabla mtu hajaondoka nyumbani, si jambo gumu. Wataalamu wenu wanaweza kuiandika kwa siku moja. Kila usiku unaopita bila fomu hiyo, kuna mtoto analala kwenye benchi mahali fulani kati ya Tunduma na Beitbridge.

Mtaniambia mambo ya mipaka yanahitaji muda, na kila nchi ina mamlaka yake. Naheshimu hilo. Lakini tazameni mlivyofanya haraka kwa mtalii. Tangu mwaka 2014 mgeni anayetoka bara jingine anaweza kulipa dola 100 akapata viza moja ya siku 90 ya kuzungukia Kenya, Uganda na Rwanda, aingie na kutoka apendavyo. Mwaka huo huo Zambia na Zimbabwe zikaanzisha viza yao ya pamoja ya dola 50 kwa siku 30, ili anayekuja kuona Maporomoko ya Victoria ayaone pande zote mbili na ateremke hata Kazungula kwa siku moja kuangalia tembo wa Chobe. Mifumo ilisomana, pesa zikagawanywa, hakuna mamlaka ya nchi iliyopotea. Nawapongeza kwa hilo. Mgeni ana haki ya kupokelewa vizuri, na utalii unalisha watu wetu. Ninachoomba ni kwamba mama wa vitenge, ambaye naye hulipa ushuru, hulipa nauli na huleta bidhaa sokoni mwaka mzima, afikiriwe kwa uharaka ule ule.

Na bidhaa zenyewe mmezifikiria kuliko watu. Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha mikataba miwili. Ule wa eneo huru la biashara ulianza kutumika tarehe 30 Mei 2019, baada ya muda mfupi tu. Itifaki ya watu kusafiri huru inahitaji nchi 15 ziiridhie ndipo ianze, na kwa miaka mingi walioiridhia wamebaki wanne: Rwanda, Niger, Mali, na São Tomé na Príncipe. Pasipoti ya Afrika ilizinduliwa Kigali Julai 2016, Rais Kagame na Rais Déby wa Chad wakakabidhiwa za kwanza. Mimi ninayeandaa safari za watu kila siku sijawahi kumwona mteja aliye nayo. Nendeni kwenye mabunge yenu na itifaki hiyo. Kama kuna vifungu vya makazi na ajira vinavyowatia wasiwasi, semeni ni vipi, tuvijadili hadharani. Hatua yake ya kwanza ni kuingia bila viza, na hatua hiyo kwa sehemu kubwa mmeshaanza kuitekeleza ninyi kwa ninyi.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo halina gharama. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019, na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Tulifurahi sana. Lakini kadi ya kuingilia pale Nakonde ni ya Kiingereza, na Kasumbalesa ni Kifaransa. Wanaoijaza wengi ni Waswahili kwa Waswahili: dereva wa Tanga, mfanyabiashara wa Kolwezi, mama wa Bujumbura. Ndiyo maana kuna watu wanaokaa nje ya ofisi wakijaza fomu za wenzao kwa malipo. Wakikosea herufi moja ya jina, anayerudishwa ni mwenye pasipoti.

Sasa niseme ninachoomba kwa mkato, nikianza na kilicho rahisi. Kila mpaka wa nchi kavu uwe na ubao mmoja, nje, mahali penye taa, unaotaja kila karatasi inayotakiwa kwa mtu, kwa mtoto na kwa gari, na kila ada kwa shilingi na kwa kwacha. Ubao huo uwe na tarehe na saini ya mkuu wa kituo, na ofisa asiwe na uwezo wa kudai kitu kisichoandikwa pale. Malipo yote yawe kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, na risiti itoke papo hapo. Kishoka hana kazi mahali ambapo bei imebandikwa ukutani. Fomu za mtandaoni ziwe na njia ya basi na gari, zisidai namba ya ndege, zikubali anwani ya ndugu, na zikubali wiki ya kuwasili badala ya siku. Viza pale inapobaki lazima, siku zake zihesabiwe kuanzia mhuri wa kuingia, na balozi zenu zipokee maombi ya mwananchi wa nchi jirani popote alipo barani. Mihuri ya madereva, gari kuandikwa mara moja na fomu moja ya mtoto ni vya kukubaliana katika vikao vyenu vya mawaziri, najua, na vitachukua muda zaidi. Ubao hauhitaji kikao cha mawaziri.

Likizo ya Desemba inakuja. Mabasi ya kwenda Lusaka, Lubumbashi na Johannesburg yatajaa watoto. Naomba ubao wa kwanza ubandikwe Tunduma, upande wetu na upande wa Nakonde, kabla shule hazijafungwa. Mkihitaji orodha ya maswali ambayo wasafiri huuliza na majibu ambayo huyapata dirishani, ninayo, na nitailetea ofisi yoyote itakayoniita.

Naomba kuwasilisha.

Mwandaaji wa safari za barabara,
Mbeya